Joka Limekuja na Godoro Lake

Usiku wa kuamkia leo nimeota, na kabla hamjaniambia ni yale maharage ya jana, naomba mniache nimalize. Maharage nayajua. Nikilala na maharage naota nakimbizwa na ng'ombe, basi.

Kwanza mjue ya mchana, maana ndoto hii haikuanzia hewani. Jana nilimpeleka Mwanaidi kwenye banda la video la Singano, hapa kwetu Korogwe. Mwanaidi ni mtoto wa mdogo wangu Hidaya. Hidaya yuko Muscat, kaenda kufanya kazi za ndani, na mtoto kaniachia mimi mama mkubwa wake. Alikuwa anapiga simu kila Ijumaa, halafu simu zikakatika. Ijumaa ya kwanza nikasema labda ni kazi. Ya pili nikasema labda ni vocha. Iliyofuata sikusema tena, nikawa namtembeza mtoto huku na huku asije akaniuliza.

Filamu yenyewe ilikuwa ya familia, ya kizungu, ya mambo ya ajabu ajabu. Mtoto wa kike anaishi na joka la kijani lenye mafua. Mtafsiri ni Singano mwenyewe. Anakaa pembeni na kipaza sauti, wazungu wanasema yao, yeye anasema yake, na sisi tunamwamini yeye. Mwanzoni yule mtoto ana mama. Mama kalala kitandani, kamshika mtoto mkono, kafumba macho, muziki ukalia kwa huzuni mpaka nikatafuta upindo wa kanga. Singano akasema, "Hapa mama anapumzika kidogo, alfajiri ana ndege ya kwenda Muscat." Tukaendelea.

Mama yule hakuonekana tena mpaka mwisho. Joka likapona mafua, mtoto akatawazwa malkia, mama hata salamu! Watu walitoka bandani wamenuna. Chande wa bodaboda alisema picha ni kali, joka limetengenezwa likatengenezeka, ila hakuelewa steringi, yule nyota wa picha, ni mtoto au ni joka, na yeye filamu asiyoijua steringi wake haimshibishi. Jirani yangu Mama Tunu akasema kwa filamu ya watoto si mbaya, lakini wangeongeza vita. Mimi nami nikatoa maoni yangu, tena kwa sauti, maana kunong'ona sikujaliwa. Nikasema, "Yule mama hana maana! Kaenda Muscat, kamtupa mtoto, hata simu hapigi!"

Nikageuka, nikamkuta Mwanaidi ananitazama. Tulipopanda kitandani ndipo akaniuliza, "Mamkubwa, na mama naye hatarudi?" Nikamwambia alale. Roho iliniuma, jamani.

Basi na mimi nikalala.

Naota niko bandani kwa Singano. Mabenchi ni yale yale, vumbi ni lile lile, ila runinga imegeuka, inatutazama sisi. Nyuma yake wamekaa watazamaji: jiko langu la mkaa, ndoo zangu mbili za plastiki, na kabati la vyombo. Wanakula bisi.

"Nyamazeni," runinga inawaambia. "Wanaanza."

"Nani anaanza?" nauliza.

"Wewe."

Sijui nifanye nini. Najikuna shingo. Ndoo zinapiga makofi.

"Huyu anajua kucheza," inasema ndoo kubwa. "Pale alipojikuna shingo nilisisimka."

"Mimi simpendi," linasema jiko. "Anaongea mno. Halafu mwisho wake nimeshaujua."

"Usituambie!" zinapiga kelele ndoo zote mbili.

Nalisogelea jiko, nalibembeleza liniambie mimi tu, pembeni, mwisho wangu ukoje. Jiko langu mwenyewe, ninalolitoa majivu kila asubuhi! Linakataa. Linasema anayetoa mwisho wa filamu kwa wasioiona anatolewa nje, na nje kuna mvua, na lenyewe ni la udongo.

Nataka kuligombeza, lakini mlango unagongwa. Mlango wa banda sasa umekuwa mlango wa nyumbani kwangu, na mabenchi yamekuwa kitanda na meza. Hakuna aliyeniomba ruhusa. Kabla sijafika mlangoni, mgeni ameshaingia.

Ni joka. Lile lile la kijani, linavuta kamasi. Kwapani limebana godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba ya katani.

"Hodi," linasema, likiwa limeshasimama katikati ya chumba.

"Karibu," nasema. Mtu ukishapigwa hodi utasemaje?

"Hapa ndipo kwa Mwanaidi binti Hidaya?"

"Ndipo."

"Nimepangiwa huyu."

Nalivutia kiti. Kiti kinakataa kukaliwa, kinasema hakina bima. Joka linachuchumaa kwa adabu, linanieleza.

"Mtoto mwenye mama nyumbani hapewi joka," linasema. "Mama atasema joka litachafua mashuka, na filamu itaishia hapo. Asiye na mama ndiye anayepewa. Anapewa joka, au farasi mwenye mabawa, au babu mwenye ndevu ndefu. Babu wenye ndevu wamekwisha, kwa hiyo nimekuja mimi."

"Lakini huyu mama yake yupo!"

"Yuko wapi?"

"Muscat."

Joka linanitazama kwa huruma, huruma ya kweli, machozi yanalilengalenga.

"Wote wanasema Muscat," linasema, na linaanza kutandika godoro lake kwenye kona, pembeni ya mtungi.

Nachanganyikiwa hapo, si uongo. Naona kabisa kuna kitu cha kujibu, na kila nikikaribia kukisema kinageuka kuwa jina la mboga. Nasema, "Mchicha." Joka linasema asante, limeshakula.

Mwanaidi anatoka chumbani. Amevaa gauni lake la shule na taji kichwani. Analiona joka, anapiga goti.

"Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu. Jiandae. Kukipambazuka tunaondoka kwenda kwenye ufalme."

"Na mtarudi lini?" naingilia.

"Filamu ikiisha."

"Ikiisha atarudi hapa kwangu?"

Joka linapenga kamasi kwanza. "Dada," linasema, "wewe ni mtazamaji wa siku nyingi. Umewahi kuona filamu ya joka inayomalizikia kwa mama mkubwa?"

Nafikiri. Nazipitia zote kichwani. Zinaishia kwenye kasri, zinaishia mawinguni, moja iliishia ndani ya ua la boga. Kwa mama mkubwa sijaona hata moja.

"Huyu mtoto haendi popote!" nasema. "Nimeachiwa mimi! Hidaya akirudi nitamwambia nini, kwamba nimempa joka?"

"Kanuni si yangu," linasema joka. "Nionyeshe mama yake. Akionekana hata kidogo, au ikasikika sauti yake tu, nakunja godoro langu naondoka. Asiposikika mpaka kupambazuke, namchukua."

Natoa simu kifuani. Nampigia Hidaya. Inaita, jamani, inaita! Halafu anapokea yule dada wa mtandao, mwenye sauti ya kuoga na kujipaka poda.

"Mteja unayempigia yupo," anasema. "Ila simu yake imelala kwenye mchele. Tafadhali usiiamshe."

"Mchele gani?"

"Mchele mrefu," anasema, anakata.

Nageuka kwa joka. "Umesikia? Kasema yupo!"

"Hiyo ilikuwa sauti ya nani?"

"Ya mtandao."

"Mtandao si mama," linasema joka.

Nasema basi twende huko huko Muscat tukamtafute. Joka linasema sawa, na linaninyooshea ukucha kwenye spika ya Singano, ambayo imejitokeza juu ya kabati langu. Naingia kichwa kwanza. Mwanaidi anafuata, kapanda shingoni kwa joka, na sijui joka zima lilipitaje pale, mimi nilibanwa nyonga.

Ndani ya spika ni giza la joto, na sauti ya Singano inanguruma pande zote. "Hapa sasa Zuhura anamtafuta mdogo wake," inasema. Zuhura ndiye mimi. "Hapa Zuhura anacheka sana."

Nilikuwa karibu kulia. Najikuta nacheka, nacheka mpaka mbavu zinauma, na machozi yananitoka hivyo hivyo.

"Hapa Zuhura amekumbuka kwamba anapenda sana mihogo."

Mihogo siipendi tangu nizaliwe. Lakini hapo natamani muhogo nusura nitafune waya. Ndipo naelewa kwamba humu ndani, akisema Singano, imekuwa.

Tunatokea Muscat. Muscat yenyewe ni stendi ya Korogwe, ila ina zulia. Hakuna mabasi wala ndege. Kuna mabenchi tu, mabenchi mpaka macho yanachoka, na kwenye kila benchi wamekaa wanawake na mabegi yao mapajani. Wengine wamevaa mataji, wengine magauni ya kulalia. Mmoja ana mkia wa samaki, ameukunja vizuri chini ya benchi usikanyagwe. Wanasukana nywele. Ni kimya, kama msibani wakati watu wanasubiri chakula.

"Hawa ni akina nani?" namuuliza wa karibu.

"Mama wa filamu," anasema. "Mimi nilizama baharini. Huyu aliliwa na chui. Yule pale ni homa. Singano akasema tumekwenda Muscat. Basi tuko Muscat."

Ndipo naona, mabenchi ya mbele, mwanamke kanipa mgongo, kajifunga ushungi wa kijani wenye nyota. Ushungi ule nilimpa mimi Hidaya siku ya safari. Niliuvua kichwani kwangu nikamfunga kwa mkono wangu.

Sitaki kwenda kumwangalia. Nasema wazi, sitaki. Kama ni yeye, na yuko kwenye mabenchi haya, basi nimeelewa kwa nini hapigi simu. Mwanaidi yuko shingoni kwa joka, bado hajamwona. Natembea. Zulia linavutwa nyuma kila ninapopiga hatua, na bado nafika. Namgusa bega.

Anageuka. Si Hidaya. Ni yule mama wa jana, wa filamu ya joka, mweupe, mpole, na ushungi wenyewe kumbe ni shuka la hospitali.

Nakaa chini kwenye zulia. Nasema alhamdulillahi mpaka ulimi unakauka.

"Wewe ndiye uliyesema sina maana," ananiambia.

"Ndiyo," nasema. Ningekataa vipi, alisikia.

"Ukasema nimemtupa mtoto. Ukasema hata simu sipigi."

"Sasa si kweli hukupiga?"

"Dada yangu, nilikufa," anasema. "Nilikufa vizuri kabisa, kitandani, mkono wa mwanangu mkononi. Muziki ulipigwa. Watengenezaji wote walilia. Kisha mtu wenu akasema nina ndege ya alfajiri, nikainuka, nikabeba begi, nikaja hapa. Narudi vipi, wakati mbele ya filamu sina sehemu nyingine? Nakufa vipi, wakati nimeambiwa nimesafiri? Nimekaa tu. Kila jioni watu wanatoka bandani wananitukana."

Nasikia aibu, lakini pia nasikia hasira, maana hili si kosa langu. Naipandishia sauti spika. "Singano! Mbona hukutuambia kwamba kafa?"

"Kulikuwa na watoto," inajibu sauti kutoka juu.

"Kwa hiyo?"

"Mimi mama wa watu siwezi kumuua mbele ya watoto, Dada Zuhura. Sijawahi. Mkono wenyewe wa kushikia kipaza sauti unakataa." Kisha sauti inanyooka, inakuwa ya kazi. "Hapa sasa Zuhura amesahau yote, anarudi zake nyumbani."

Miguu yangu inageuka. Nilikuja kufanya nini? Kuna mtu nilikuwa namtafuta, au ni mihogo? Naona mtoto mwenye taji juu ya joka, nashangaa ni mtoto wa nani mzuri hivyo. Halafu yule mtoto ananiuliza swali lile lile la kitandani.

"Mamkubwa, na mama naye hatarudi?"

Nasimama. "Singano, nyamaza kidogo," nasema. "Hapa nasema mimi."

Ajabu, ananyamaza.

Namshusha Mwanaidi, nampakata pale pale kwenye zulia, wanawake wote wanatutazama. Joka linajipangusa pua na kusubiri.

"Mwanangu," namwambia, "yule mama wa kwenye filamu alikufa. Hakumtupa mtoto wake. Alimpenda, akaumwa, akafa. Nilimsema vibaya kwa sababu sikujua."

"Na mama yangu?"

"Mama yako amesafiri kweli. Hayuko hapa, nimeangalia kwa macho yangu. Kwa nini hapigi simu sijui, na mimi ninaogopa kama wewe. Nikijua, nitakwambia wewe kwanza."

Mwanaidi anaitikia kwa kichwa, hana machozi. Nyuma yetu muziki unaanza, ule ule wa jana wa kutafutia upindo wa kanga. Mama wa filamu anaweka begi chini. Analala kwenye benchi, anaweka mikono kifuani.

"Ndio huu," anasema. "Walikuwa wameukatiza." Anafumba macho. Na wa pembeni yake analala, na yule mwenye mkia, na wote mpaka mwisho wa stendi, taratibu, hakuna anayemsukuma mwenzake.

Kwa mbali nasikia ndoo zangu zinalia. "Hapa amenigusa," inasema kubwa. Jiko linasema kwamba ndiyo mwisho lililokuwa linaujua, na kabati linaliambia liache uongo.

"Imekuwa nzuri kwao," linasema joka. "Kwangu bado. Nilisema aonekane au asikike." Linatazama juu ya paa la stendi, ambako kunaanza kupambazuka. Linamnyanyua Mwanaidi kwa ukucha mmoja, polepole, kama mtu anavyoinua yai. "Twende, mjukuu."

"Subiri!"

"Kanuni si yangu, dada."

Linaanza kupaa. Narukia mkia. Naudaka kwa mikono miwili, nauvuta, nalia sasa kilio changu mwenyewe ambacho Singano hakukisema, joka linavuta kule, mimi navuta huku, mkia unapungua, unakuwa mwembamba, unakuwa laini, una vidole.

Nikaamka nimeshika mguu wa Mwanaidi. Nimeushika kwa nguvu mpaka mtoto anaguna usingizini. Kumepambazuka, kuku wa Mama Tunu wanapiga kelele uani, na jiko langu liko mlangoni, kimya, lina majivu ya jana.

Simu ilikuwa inawaka chini ya mto. Ujumbe wa sauti, namba siijui, ya nje. Nilisema bismillahi. Kisha nikabonyeza.

"Dada Zuhura, kama ni wewe," ilisema sauti ya Hidaya. "Kama si wewe unisamehe, nimeshaamsha watu wengi. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya deki. Niliifukia kwenye mchele, nikaharakisha kuiwasha, ikazima tena, nikairudisha, na mpaka leo imelala humo humo kwenye mchele wa huku, ule mrefu. Namba zenu zote zimo ndani. Hii nimeibahatisha kichwani, natumia simu ya jirani. Mimi mzima. Mwanaidi hajambo? Mpe asikie. Mwanaidi, mama, nakuja mwezi wa Ramadhani, umenisikia?"

Nilirudia pale kwenye mchele, nikarudia tena. Singano nitamfuata baadaye, ana maswali ya kunijibu, lakini wakati ule nilichoweza ni kumwamsha mtoto na kumwekea simu sikioni.

Mwanaidi alisikiliza mpaka mwisho, kafumba macho. Alipoyafumbua hakunitazama mimi. Alitazama kwenye kona, pembeni ya mtungi, pale ambapo hatuweki kitu.

"Limeondoka hata kuaga halikuaga," akasema, kisha akabonyeza mama yake aanze tena.